Sumaku haivuti arseniki, inavuta kutu: jibu kwa mwalimu wa Geita

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi huko Geita vijijini, nalifupisha kidogo: "Shikamoo Dokta. Shule yetu ilichimbiwa kisima kirefu mwaka jana, maji mazuri tu hayana hata chumvi. Majuzi sampuli ikaenda maabara, majibu yakarudi arseniki 0.038 mg/L, tumeambiwa ni juu ya kiwango. Sasa kuna jamaa katuletea poda anaiita nano ya sumaku, anasema unaimwaga kwenye tenki unakoroga, unaweka sumaku, madini mazito yote yanavutwa yanatoka. Katuonyesha vidio kwenye simu, maji meusi tii yanakuwa meupe kwa dakika moja. Anataka milioni mbili na laki nane. Kamati imeshaanza kuchangisha. Tununue? Na hivi arseniki inavutwa na sumaku kweli, au fizikia ndo imeshanitoka kichwani?"

Marahaba mwalimu, na pole na hiyo karatasi. Fizikia yako iko palepale, haijatoka. Arseniki, hiyo sumu inayotoka kwenye miamba, haivutwi na sumaku, risasi haivutwi, zebaki haivutwi, kadmi haivutwi. Sumaku ya mkononi inavuta chuma, nikeli na kobalti basi, na hata hivyo vikiwa donge, maana vikishayeyuka kwenye maji vinakuwa ioni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, mojamoja zimezungukwa na maji pande zote, sumaku unaweza kuipitisha hapo mpaka kesho. Kwa hiyo wale wanaofunga sumaku nje ya bomba wakasema inasafisha madini mazito, hao wanakufungia pambo tu.

Ila jamaa yako sio lazima awe tapeli, na hapa ndo naomba usome taratibu kidogo, kwa sababu kitu anachouza kipo kweli, kimefanyiwa utafiti miaka mingi, tatizo ni kwamba kakueleza nusu, na nusu aliyoiacha ndo yenye gharama.

Hiyo poda nyeusi karibu hakika ni magnetaiti, yaani oksidi ya chuma, ndugu wa kutu. Kutu unayoijua wewe ni nyekundu, hii ni nyeusi na inavutwa na sumaku, ipo hata kwenye ule mchanga mweusi wachimbaji wadogo wanaoutoa kwenye karai wakiosha dhahabu, we mwenyewe wa Geita lazima umeuona. Maabara tunaitengeneza kwa kuchanganya chumvi mbili za chuma, ile ya chuma mbili na ya chuma tatu, kwa uwiano wa moja kwa mbili, alafu unamimina amonia au magadi makali ya sodiamu (kostiki soda, sio magadi ya kupikia), paap mchanganyiko wote unageuka mweusi mbele ya macho yako. Ni moja ya majaribio wanafunzi wanayapenda kuliko yote. Punje zinazotoka hapo zina upana wa nanomita kumi hivi, na nanomita ni milimita moja uigawe mara milioni.

Sasa kazi ya hiyo kutu ni kunatwa na arseniki. Nasema kunatwa, sio kunyonya, maana watu wanafikiri poda inakunywa sumu kama sponji. Hapana, arseniki inakamatana na chuma kwenye uso wa punje, kwa nje. We si unajua kishona nguo? Unapita porini na suruali, ukitoka unakuta mbegu zimekuganda miguu yote. Poda ni suruali, arseniki ni kishona nguo, na sumaku kazi yake ni kukuvua suruali tu. Haijui kama kuna kishona nguo au hakuna. Ukilielewa hilo umeshaelewa zaidi ya nusu ya vipeperushi vyote vya hii biashara.

Na kwa sababu kila kitu kinatokea juu ya uso, ndo maana udogo una maana. Gramu moja ya magnetaiti yenye punje za nanomita 10 ukiutandaza uso wake wote unapata kama mita za mraba 115, karibu robo tatu ya uwanja wa voliboli, kwenye kitu kinachokaa kwenye ncha ya kijiko. Punje zikiwa za nanomita 300, ambazo bado huzioni kwa macho, gramu hiyohiyo inakupa mita nne hazifiki. Nafasi ya kunatia imeyeyuka hivyohivyo.

Kulikuwa na shida moja iliyowasumbua watu muda mrefu. Punje ikiwa ndogo sana, nguvu ya sumaku juu yake nayo inakuwa ndogo sana, maana nguvu hiyo inafuata ujazo, na maji yenyewe yanaitikisa huku na kule, kwa hiyo ilionekana ukitaka kuzikamata lazima uwe na mtambo, bomba lililojazwa nyuzi za chuma cha pua kama steelwire ya kusugulia masufuria, limezungushiwa sumaku kubwa ya umeme. Mitambo hiyo ipo na inafanya kazi, viwanda vya udongo mweupe wa kaolini vinaitumia miaka na miaka kutoa uchafu wa chuma. Alafu mwaka 2006 kundi la chuo kikuu cha Rice, Houston, akina Cafer Yavuz na Vicki Colvin, wakaonyesha kwamba punje za nanomita 12 hivi zikiwa na ukubwa unaofanana zinaweza kukusanywa na sumaku ya kawaida tu ya mkononi, kwa sababu zikiwa kwenye uwanja wa sumaku zinaitana, zinashikana makundi makundi, kundi linavutwa, na ukiondoa sumaku zinaachana tena. Punje ndogo hivyo hazibaki na usumaku wake zenyewe, ndo raha yake. Na walikuwa wanalenga arseniki hasahasa. Baadaye wakatoa mpaka njia ya kupika hiyo magnetaiti kwa vitu vya nyumbani, kutu, siki, mafuta ya kula, wakiwafikiria watu wa vijijini Bangladesh na kwingineko. (Usijaribu jikoni kwako mwalimu, kuna hatua ya kupasha moto mafuta na magadi makali, hiyo si ya kufanyia karibu na watoto.)

Kwa hiyo sayansi ipo. Sasa tuje kwenye kisima chako.

Kwanza arseniki yenyewe ina sura mbili, na karatasi yako ya maabara haikukwambia uko na ipi, imekupa jumla. Sura ya kwanza ni arseniki tano, iko kwenye maji yenye hewa, ina chaji hasi, na uso wa kutu kwenye maji ya kawaida unaikaribisha vizuri, inanata haraka. Ya pili ni arseniki tatu, ndo inakuwa nyingi kwenye maji ya chini sana yasiyopata hewa, hii haina chaji kabisa mpaka pH (kipimo cha uasidi wa maji, saba ni katikati) ipite tisa, kwa hiyo mara nyingi inanata kivivu, inapita, na hata mashine za RO, zile zinazosukuma maji kwenye utando mwembamba sana, zinaipitisha kuliko ile nyingine, na kibaya zaidi ndo yenye sumu kali. Dawa yake sio ngumu, ni klorini, ileile ya kwenye Waterguard, inaigeuza tatu kuwa tano ndani ya dakika chache kama maji hayana uchafu mwingine unaoila klorini kwanza. Angalia hapo watu wanavyochanganya: klorini haitoi arseniki hata chembe, inaibadilisha sura tu ili kutu iikamate. Na kuchemsha ndo kabisa, maji yanapungua arseniki inabaki, unaikoleza. Nimeshakutana na kina mama wanachemsha mara mbili ili "kuua" arseniki, wanamaliza mkaa bure.

Jamaa yako alikuuliza kisima chako kina arseniki ya sura gani? Nahisi hapana.

Pili ni wagombea nafasi. Uso wa punje haujui unamsubiri nani, unapokea yeyote anayefanana. Fosfeti inafanana na arseniki tano kama mapacha, umbo lilelile, chaji ileile, na kwenye visima vingi fosfeti iko nyingi kuliko arseniki mara kadhaa. Silika, yaani madini ya mchanga yaliyoyeyuka, nayo ipo, na maji ya miamba yetu yana silika ya kutosha, bikaboneti nayo. Hili nililijifunza kwa aibu. Nikiwa mwanafunzi nilitengeneza poda yangu nikaipima kwenye maji yaliyochujwa kabisa ya maabara ambayo nimeyatia arseniki mwenyewe, ikatoa karibu yote, nikampigia simu mpaka baba. Wiki iliyofuata msimamizi wangu akaniletea dumu la maji ya kisima, kisima cha kweli, akasema haya rudia. Ikashuka chini ya nusu. Akacheka, akaniambia sasa ndo umeanza utafiti. Tangu siku hiyo mtu akinionyesha asilimia 99 swali langu la kwanza ni maji ya wapi.

Na kuna kiini macho kingine kwenye hizi karatasi za utafiti, wauzaji wanakipenda sana. Utaona imeandikwa gramu moja ya poda inabeba miligramu mia ya madini, wakati mwingine zaidi. Inaweza kuwa kweli, ila hiyo imepimwa kwenye maji yaliyojazwa madini mengi mno, mara elfu ya kwako. Maji yakiwa na madini kidogo uso haujai hivyo, na wewe unataka mwisho ubaki na chini ya mikrogramu 10 kwa lita, hicho ndo kiwango cha WHO tangu 1993. Yako 0.038 mg ni mikrogramu 38, karibu mara nne. Kwenye viwango hivyo vya chini mzigo wa kweli unaweza kuwa miligramu moja tu kwa gramu, mbili ukibahatika. Tupige hesabu kwa moja. Tuseme wanafunzi 400, kunywa na uji na chakula cha mchana ni lita 600 kwa siku. Unataka kushusha kutoka 38 mpaka 5, yaani unatoa 33 kwa kila lita, mara 600 inakuja miligramu 20 kasoro. Kwa hiyo gramu 20 za poda kila siku ya shule, siku 200 ni kilo nne kwa mwaka. Sio nyingi! Ndo maana nasema poda yenyewe sio tatizo kubwa hapa. Muulize tu hiyo milioni mbili na laki nane ina kilo ngapi ndani yake, na mwaka wa pili anauza kwa bei gani.

Tatizo ni hii kazi ya kila siku. Nani anakoroga tenki la lita 600 saa kumi na mbili asubuhi? Nani anashika sumaku? Sumaku inafanya kazi ikiwa karibu, kwenye glasi ya kwenye vidio umbali ni sentimita tatu nne, kwenye tenki ni mita, na nguvu ya sumaku inaporomoka haraka sana ukisogea mbali. Ili ufanye vizuri inabidi maji yapite taratibu kwenye bomba jembamba lenye nyuzi za chuma na sumaku, kama ule mtambo niliosema, na baada ya hapo uchuje tena kwa tahadhari. Maana punje zitakazoponyoka, na zitaponyoka tu hasa zile ndogo kuliko zote, hizo ndo zimebeba arseniki. Yaani mtoto anakunywa arseniki ileile, safari hii imepanda basi.

Sasa nirudi kwenye ile vidio, maana ndo imewakamata kamati. Maji yalikuwa meusi yakawa meupe. Ni nini kimeonekana kutoka? Poda. Poda aliyoitia mwenyewe. Arseniki haina rangi, haina harufu, haina ladha, maji yenye 38 na maji yenye sifuri yanafanana kama watoto mapacha, kwa hiyo ile vidio imekuthibitishia kwamba sumaku inavuta kitu cha sumaku, jambo ambalo darasa la nne wako wanalijua. Ingekuwa na maana kama baada ya pale angechukua maji akapeleka maabara, kabla na baada, kisima chenu sio cha kwake.

Nisije nikaonekana naisema vibaya teknolojia nzima. Kuna sehemu inafaa kweli na inazidi nyingine. Kwa risasi na kadmi kwa mfano mambo yanageuka, hizi zina chaji chanya, zinanata zaidi pH ikipanda kidogo, na ukiivalisha magnetaiti koti la kitu kinachozipenda unapata kazi nzuri sana, watu wameivalisha kitosani inayotoka kwenye maganda ya kamba, wameivalisha mboji, EDTA (kemikali inayong'ang'ania madini), na kwa zebaki wanatumia koti lenye salfa maana zebaki na salfa ni wapenzi wa zamani. Silika wanaivalisha ili asidi isiile chuma. Viwandani, kwenye maji machafu ya kupaka madini au kutengeneza betri, ambako kuna fundi, kuna umeme, kuna maabara ndogo pembeni, na madini ni mengi kiasi kwamba poda inajaa vizuri, hapo sumaku inakuokoa na kazi ya kuchuja matope na unaweza kuiosha poda ukaitumia tena. Arseniki inaoshwa kwa magadi makali ya sodiamu, risasi na kadmi kwa asidi hafifu. Ila kila ukiosha poda inachoka kidogo na yale maji ya kuoshea sasa yana sumu iliyokolea mara mia, kwa hiyo umehamisha tatizo kutoka tenki kubwa kwenda ndoo ndogo, ambayo ni hatua nzuri endapo tu una mahali pa kuipeleka hiyo ndoo.

Kuna na wale wanaochoma poda ndani ya ardhi kabisa, bila kupandisha maji juu. Hao wanatumia chuma kitupu, sio oksidi, punje za nanomita kumi mpaka mia, jaribio la kwanza la nje ya maabara lilifanyika Trenton, New Jersey, mwaka 2000, na Wei-xian Zhang wa chuo cha Lehigh na mwenzake, ila wao walikuwa wanafukuza kemikali za kusafishia mitambo, sio madini. Kwa kromi ya sita, ile mbaya, chuma kitupu kinaigeuza kuwa kromi tatu ambayo haina makali hayo na haitembei. Na hapa kuna kichekesho: kule ndani ya ardhi sumaku inageuka adui, punje zinavutana zenyewe kwa zenyewe, zinaganda mabonge, hazifiki mbali, mita chache tu kutoka kwenye shimo la kuchomea, mpaka uzipake kitu cha kuzitenganisha. Kitu kilekile kinachokusaidia kwenye ndoo kinakukwamisha kwenye mchanga.

Tuje kwenye lile lililoachwa kabisa kwenye mazungumzo yenu: hizo kilo nne kwa mwaka mnazitupa wapi? Najua jibu, shimo la choo, si ndiyo? Au kwenye lile jalala la nyuma ya stoo. Mwalimu nakuomba sana usifanye hivyo, nikueleze kwa nini.

Bangladesh kuanzia miaka ya sabini walichimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni, UNICEF ikiwa mbele, kwa nia njema kabisa, watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara maji ya madimbwi. Hakuna aliyepima arseniki. Ikaja kugundulika baadaye, na makadirio yaliyoandikwa kwenye jarida la WHO mwaka 2000 yakasema watu kati ya milioni 35 na 77 wako hatarini, viganja na nyayo zinaota magamba, madoa kwenye kifua, saratani baadaye sana. Arseniki ile ilitoka wapi? Hakuna mgodi wala kiwanda. Ilikuwa imenata juu ya kutu, kutu iliyopaka chembe za mchanga wa mto miaka maelfu, imetulia. Ila chini kule kuna mabaki ya mimea yanaoza, bakteria wakamaliza hewa, wakaanza kuitumia kutu yenyewe badala ya hewa, kutu ikayeyuka, na arseniki ikaachiwa kwenye maji. Ndo hivyo. Sasa shimo la choo ni nini kama sio hicho hicho, mavi yanaoza, hewa hakuna. Ukimwaga poda yako mle umeitengeneza Bangladesh ndogo mita ishirini kutoka kisimani. Kwenye samadi ni vilevile, usiiweke poda humo.

Kwa Geita njia ya mwanzo ni nyingine, miamba yenu ya dhahabu ina madini ya salfa yenye arseniki ndani, ikikutana na hewa na maji, iwe kwa uchimbaji au yenyewe tu kwa asili, inaachia. Kuna tafiti zimekuta visima na vyanzo vilivyo juu ya 10 Geita na Mara huko, sio vyote, kimoja kizuri kingine mita mia mbili kibaya. Kwa hiyo msiogope kila kisima cha wilaya, na msiamini kila kisima pia. Mabaki ya poda, kama mtakuwa nayo, yakaushwe, yawekwe kwenye ndoo yenye mfuniko mahali pakavu, alafu muulize ofisi ya maji namna ya kuyatupa, kuyafungia ndani ya zege ni njia mojawapo inayotumika.

Sasa unaniuliza tununue, jibu ni hapana, sio hiyo na sio sasa. Chuma nakitaka, ila chuma kilichokaa mahali pamoja, sio poda inayoelea. Mkemia mmoja wa Bangladesh, Abul Hussam, aliyekuwa anafundisha Marekani, alitengeneza chujio la ndoo mbili, mchanga, mkaa, vipande vya matofali, na tabaka la chuma kilichotengenezwa maalumu, hakuna nano hakuna sumaku, akapata nayo tuzo ya Grainger ya dola milioni moja mwaka 2007. Nepal wanatumia mpaka misumari yenye kutu juu ya mchanga. Ni kutu ileile mwalimu! Kemia ileile ya poda ya jamaa yako, tofauti kutu imetulia na maji ndo yanapita, kwa hiyo hakuna cha kuvuta. Kwa kiwango cha shule kuna punje za haidroksaidi ya chuma, ukubwa kama wa mchele uliovunjika, zinajazwa kwenye silinda, unatanguliza klorini kidogo, maji yanapita, unapima kila baada ya miezi michache, zikichoka unabadili. Mashine ya RO nayo inaweza, ila inataka umeme wa uhakika na inamwaga maji mengi, kwa shule yenye sola ndogo naona mtakuja kuiacha ikae na buibui.

Ila kabla ya hayo yote, mvua. Mnayo. Paa la madarasa tuseme mita za mraba 200, mvua ya milimita 900 kwa mwaka, ukitoa inayopotea unabaki na lita 144,000, na hesabu yetu ya kunywa na kupika kwa siku 200 ilikuwa lita 120,000. Kwa hiyo paa moja la madarasa linatosha kwenye karatasi, kinachokosekana ni pa kuhifadhia. Kiangazi mkikadiria siku 60 za shule bila mvua mnahitaji lita 36,000, yaani simtank nne za lita elfu kumi, na gata nzuri, na kile kibomba cha kumwaga maji ya kwanza yenye kinyesi cha ndege. Hamuwezi nne kwa mpigo, anzeni na moja, mchango wa kamati uende huko. Kisima msikifunge, maji yake ni ya kufua, kudeki, kuoga, arseniki haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kukutisha, kazi yake mbaya inapitia mdomoni. Bandikeni tu maandishi makubwa kwenye bomba, watoto wa darasa la kwanza muwachoree picha. Na waambieni wazazi ukweli, kwamba 38 sio sumu ya kuangusha mtu leo, ni jambo la miaka, ndo maana mna muda wa kufanya vizuri badala ya haraka.

Majibu ya maabara mrudie kabla ya kutumia hela yoyote, kipimo kimoja ni kimoja tu. Mwanza kuna maabara ya ubora wa maji ya Wizara, Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali nao wana kanda ya ziwa. Chukueni mara mbili, masika na kiangazi, ombeni na pH, chuma, fosfeti na silika kwenye kisima hichohicho, bila hivyo mtu yeyote anayekuuzia chujio anabahatisha. Chupa waombeni maabara wenyewe, waliyoitia tone la asidi, ukitumia chupa ya soda arseniki na chuma vinaweza kuganda pembeni majibu yakatoka matamu kuliko ukweli.

Na jamaa wa poda msimfukuze. Mwambieni hivi: aje na poda yake, asafishe ndoo moja ya maji ya kisima chenu mbele ya kamati, avute na sumaku yake mpaka aridhike mwenyewe. Mwalimu ujaze chupa mbili, moja kabla moja baada, uziandike A na B tu, ujue wewe peke yako ipi ni ipi, na yeye alipie kipimo. Waombe maabara chupa ya baada waipime jumla, wasiichuje, ili punje zilizoponyoka nazo zihesabiwe. Akikataa kulipia kipimo kimoja huku anataka milioni mbili na laki nane, hapo sina la kuongeza. Akikubali, nitumie hizo namba mbili pamoja na ile pH na fosfeti, na mimi nitakaa nipige hesabu na nyie, maana nina hamu ya kujua poda yake ikikutana na maji ya Geita inafanyaje.